Maji Yalikuwa Yamekupwa

Evere, Brussels, Jumamosi, alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa mlangoni nusu saa iliyopita ukilalamika kwamba Maman Odile atakukaza nywele mpaka ushindwe kufumba macho. Jumamosi saluni yake hujaa, mtaa mzima wa Matonge unataka kusukwa siku moja, kwa hiyo nina saa nne za kuandika, labda tano. Zitanitosha nisipozunguka.

Mambo ya soksi, ya dawa, ya kunipigia ukifika, nayaacha. Una miaka kumi na tisa na begi unalipanga vizuri kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu ya maneno ya jana mezani. Uliniuliza kama najua kwa nini umeuchagua mto Oste wa Ujerumani, wakati mwalimu wako alikupa orodha ya mito kumi ya kuandikia utafiti wako. Nikasema labda kwa sababu ulizaliwa kule.

"Hapana," ukasema. "Nataka yule mzee anitazame machoni aniambie kwa nini hakuvuka. Akishaniambia, basi. Nitaandika habari za vivuko vyao, nitamaliza msimu wa kuvuta pantoni pale, nitarudi."

Nami nikajibu, "Muulize." Neno moja hilo, kisha nikaendelea kupakua wali. Lilinitoka kirahisi, na hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Usimuulize, Mwanaidi. Jambo unalotaka kumuuliza baba yako halikutokea. Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa unakisoma polepole, kwa sababu ndiyo lugha niliyokudanganyia.

Nianze na mimi, maana kama ningekuwa mtu wa bara nisiyejua maji, ningekuwa na pa kujificha. Nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Kati ya Bweni na mji kuna mto, na mtoni kuna pantoni. Babu yako alikuwa ndiye wa kufungua na kufunga mnyororo wa mlango wake: magari yapande kwanza, halafu baiskeli, halafu watu na mbuzi wao. Kabla sijajua kusoma nilijua maji kujaa na maji kupwa. Nilijua siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, na lori linakaa ng'ambo linasubiri na dereva hana wa kumlaumu. Babu yako alikuwa akiwaambia madereva, "Mimi si mkubwa wa maji." Nimelisikia hilo maisha yangu yote ya utoto.

Baba yako Hinrich alikuja Tanga kwa miezi mitatu kutengeneza injini za boti za misheni moja. Siku alipovuka kuja Bweni kwa mara ya kwanza hakukaa garini kama wageni wengine. Alisimama karibu na babu yako, akautazama ule mnyororo, akacheka peke yake. Nilikuwa narudi sokoni. Akanionyesha kwa vidole: kwetu na sisi tunayo, lakini tunaivuta kwa mikono. Nilidhani ananitania. Ulaya, kuvuta pantoni kwa mikono?

Hakunitania. Tulioana, nikaenda, nikaiona. Wewe Oste unaijua kwa ramani, umenionyesha mwenyewe kwenye kompyuta: kilomita kama mia na hamsini, unaanzia kwenye nyanda za mchanga na misonobari, unapita kwenye maeneo ya majimaji yenye udongo mweusi wanaouchimba kuwa kuni, halafu unafika kwenye ardhi tambarare kabisa, unajipinda na kujipinda kama mtu asiyetaka kufika, mpaka unaingia mto mkubwa wa Elbe karibu na bahari. Hayo umeyaandika vizuri. Lakini ramani haikwambii jinsi bahari inavyoupanda. Maji yanayojaa huingia Elbe, yakakata kona, yakaupandisha ule mto mdogo mbali sana ndani ya mashamba ya ng'ombe, na mara mbili kwa siku mto unarudi ulikotoka. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilikaa juu ya tuta nikalia kwa furaha. Nilijiambia, basi nimefika kwetu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Ilinichukua majira mawili ya baridi kujua kwamba maji kufanana hakufanyi watu kufanana.

Bibi yako Meta, mama yake Hinrich, alikuwa hai bado. Ukoo wao ulikuwa na haki ya kuvusha tangu enzi za mababu. Zamani, aliniambia, kabla ya madaraja, mto wote ulikuwa na vivuko, kila kijiji na chake, na nyumba ya mvushaji ndiyo ilikuwa pia kilabu cha bia, maana mtu akikwama na maji alihitaji pa kukaa. Utazikuta njia zinazoitwa Njia ya Kivuko ambazo mwisho wake ni matete tu. Chini zaidi kuna kile kivuko cha chuma utakachokipenda: mhimili mrefu umesimama pande mbili za mto, na jukwaa linaning'inia kwa juu, linapita hewani, kwa hiyo halijali barafu wala kupwa. Watalii hukipiga picha. Hinrich alikuwa hakipendi. Alisema kile hakijui maji.

Chake yeye ni hicho utakachokivuta wewe: jahazi si jahazi, ni sakafu ya mbao na chuma, bapa kama sinia, inabeba gari mbili zikibanana. Waya wa chuma umekaza kutoka ukingo mpaka ukingo. Unaukamata kwa kipande cha mti chenye mkato, unaegemea kwa mwili mzima, unatembea kurudi nyuma, na sakafu inakwenda. Mgongo, bega, mgongo, bega. Na ng'ambo kuna mlingoti wenye kengele. Msafiri huigonga, na zamani walipiga na kelele kwa Kijerumani chao cha kule, *Hol över!*, njoo utuvushe. Meta alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwake. "Kengele ikilia, kijiko kinawekwa chini." Hata kama ni supu, hata kama ni Krismasi. Mume wake, aliniambia, aliacha jeneza la baba yake sebuleni akaenda kumvusha mwenye ndama.

Nakueleza hivyo ujue uzito wa kosa nililombandika mwanawe. Kwa watu wale, mvushaji aliyesikia kengele asije ni kama mkunga aliyesikia uchungu akafunga mlango.

Sasa nisikudanganye upande wa pili. Baba yako hakuwa malaika na sikuandikii ili umpende. Aliniahidi miaka miwili pale, kisha Hamburg, ambako kulikuwa na Watanzania na ningesoma uuguzi. Miwili ikawa minne, minne ikawa saba. Kila nilipouliza alisema, "Nikiondoka, nani atavusha?" Daraja lilikuwa kilomita kumi na kitu kutoka pale, Mwanaidi! Watu wangevuka tu. Hakujifunza Kiswahili zaidi ya "pole pole", na hata hilo alilisema kwa ng'ombe. Nilipokuwa na mimba yako alinibebea maji, kuni, kila kitu, lakini hakuniuliza hata siku moja naona nini ninapokaa dirishani. Kijijini waliniita mke wa mvushaji. Walinisalimia vizuri, walileta keki ulipozaliwa, na kwa miaka saba sikumbuki mtu aliyeniita Saumu isipokuwa yeye na Meta, na Meta akafa.

Na kutoka dirishani mto hauonekani. Watu hawajui hilo. Nyumba iko nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko. Unaishi hatua hamsini kutoka kwenye maji na unachokiona ni ukuta wa nyasi na kondoo.

Ile siku ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Ulikuwa na miaka mitano. Asubuhi, maji yakiwa yamejaa, alituvusha mimi na wewe na gari dogo jekundu, twende mjini kwa daktari wa meno. Tulikuwa tumegombana tangu kifungua kinywa, habari zilezile za Hamburg. Pale katikati ya mto nikamwambia, "Siku moja nitagonga kengele upande ule na nitakuwa nimeshaondoka kabla hujafika." Akaendelea kuvuta. Akasema tu, "Leo rudi kabla ya saa saba. Upepo wa mashariki huu ni siku ya nne."

Nilielewa. Mtu wa Pangani haelezwi hilo mara mbili. Upepo ukitoka nchi kavu siku nyingi husukuma maji yote nje baharini, na kupwa kwake hakuna mfano. Nilikaa mjini makusudi. Nilikununulia aiskrimu. Tulirudi saa tisa.

Mto ulikuwa umebaki mfereji. Pantoni ilikuwa imelala ng'ambo juu ya tope, imeinama upande mmoja, na waya unaning'inia hewani. Tope lilikuwa linang'aa. Hakuna mtu, hata angekuwa na nguvu za watu kumi, ambaye angeivuta pantoni ile. Niliona yote hayo kupitia kioo cha gari kabla sijazima injini.

Nikashuka nikagonga kengele. Niliigonga kama mwenda wazimu. Ukashuka na wewe ukaniomba ukagonge, nikakunyanyua ukagonga.

Akatokea juu ya tuta. Alinyanyua mikono akaikunja juu ya kichwa, alama ya msalaba, ambayo kule maana yake ni maji hakuna. Wewe ukampungia. Akaonyesha kwa mkono upande wa juu wa mto, kuliko na daraja, akajionyesha kifuani, akaonyesha tena daraja. Kisha akageuka, akashuka tuta mbio.

Huo ndio mgongo unaoukumbuka. Umeniambia mara nyingi, tangu ukiwa mdogo: "Nakumbuka mgongo wake, Mama, ana shati la bluu, anaondoka." Unakumbuka sawasawa. Hujasingizia kitu. Alikuwa anakimbilia gari lake aje kutuchukua kwa njia ya daraja, na mimi nilijua. Sikuhisi, wala sikudhani, nilijua kama ninavyojua jina langu.

Nikakufunga mkanda nikaondoa gari.

Njia ya kwenda barabara kuu ni ileile ya daraja. Tulikutana naye karibu na daraja. Gari lake la kijani lilitokea mbele yetu, akawasha taa mara mbili, tatu, akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani. Wewe ukasema, "Papa!" Nikakwambia, "Siye." Ukasema tena, "Ni Papa, Mama." Nikasema, "Siye huyo, mwanangu, kaa vizuri." Nikakanyaga mafuta. Nilimwona kwenye kioo amesimamisha gari katikati ya barabara, mlango wazi. Hakutufuata. Hilo nalo nililiweka kwenye hesabu ya makosa yake kwa miaka mingi, kwamba hakutufuata.

Nilikuwa nimekusudia wiki moja tu, nipumzike kwa Zuhura, binti wa shangazi yangu, ambaye mumewe alikuwa ubalozini hapa Brussels. Aliponifungulia mlango aliniuliza kitu cha kwanza: "Kakupiga?"

"Hajanipiga."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Sasa, ndugu yangu, umeondoka kwa nini na mtoto hivi?"

Nilisimama pale kwenye korido. Ningemwambia nini? Kwamba kuna ukuta wa nyasi? Kwamba nimechoka na mtu mwema asiyesema? Zuhura angenipa chai akanirudisha kesho yake, na mama yangu Bweni angepiga simu kuniambia niache utoto. Upweke kwetu hauhesabiwi kuwa sababu. Nilihitaji kosa, na kosa lake sikuwa nalo. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Ametuacha ng'ambo. Nimegonga kengele na mtoto, ametutazama, akageuka akaenda zake."

Zuhura akanishika, akalia. Wiki ile ile Watanzania wote wa Evere walijua. Waliniletea vyakula, wakanitafutia kazi ya usafi, baadaye chumba. Nilionewa huruma, Mwanaidi, na baada ya miaka saba ya kutoonwa kabisa, huruma ilikuwa tamu mno. Sikuweza kuirudisha. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kochi unasikiliza. Ulipolala niliona ni heri uamini hivyo kuliko uniombe turudi. Uliomba turudi kwa muda, kisha ukaacha. Nikaona nimefaulu.

Kuna jingine, na hili hulijui hata kidogo. Baba yako alikuja. Ulikuwa na miaka saba. Aliandika kabla, nikamwambia asije nyumbani, tukutane mjini. Tulikaa kwenye mkahawa wa barabara ya Chaussée d'Ixelles, yeye na koti lake lenye harufu ya mafuta ya injini, watu wakipita na mifuko ya maduka. Alikuwa amejifunza sentensi za Kiswahili kutoka kwenye kitabu. Miaka saba nilikaa naye hakujifunza, akajifunza nilipoondoka. Nilikasirika kiasi kwamba sikuweza kumjibu kwa lugha hiyo. Aliniuliza jambo moja kwa Kijerumani: "Ananiulizia?"

Ulikuwa ukimuulizia kila Jumapili. Nikasema, "Hapana. Amesahau."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama anayekubaliana nami. Akasema hatamsumbua mtoto aliyesahau. Akanyanyuka.

Maman Odile alikuwa amefungua saluni mwaka ule, ndiyo kwanza tunafahamiana. Jioni nilipopita kukuchukua, maana nilikuacha kwake, aliniita pembeni. Unamjua anavyosema.

"Bon, Saumu, ule muzungu mulikuwa naye pale, ni baba ya mutoto?"

"Ndiyo."

"Nilimuona ku arrêt ya bus. Alikuwa analia, ma chère. Muntu mukubwa vile, analia mbele ya batu bote. Donc mi najiuliza: muntu aliacha mutoto ku mayi, analia nini?"

Akaendelea kukufunga utepe kichwani. "Mi sisemi kitu," akasema. Na kweli, hajasema mpaka leo. Lakini ndiyo sababu tangu siku hiyo, ukisema mbele yake habari za baba yako aliyetuacha mtoni, yeye hubadilisha mazungumzo. Nadhani umeshaliona hilo.

Usidhani niliishi nikijutia kila siku. Ningependa kukuandikia hivyo. Uongo uliotunzwa vizuri hukaa kama samani, unauzunguka bila kuutazama. Ilifika mahali nilikuwa nauona mgongo wa shati la bluu na mimi, nauchukia kweli kweli. Nilimchukia mtu kwa jambo nililomtungia. Mpaka jana, uliposema aniambie machoni, ndipo nikamwona atakavyosimama mbele yako na kifua chake kile kipana, akitafuta maneno. Namjua. Asingesema, "Mama yako ni mwongo." Angesema labda maji yalikuwa yamekupwa. Ungedhani ni kisingizio, ungeondoka. Angekuacha uondoke, kama alivyotuacha barabarani.

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya begi, uikute kwenye treni ukishapita Cologne. Nimeshaandika hata jina lako juu ya bahasha. Lakini huko ni kukanyaga mafuta tena. Nitakupa mkononi leo tukimaliza kula, nami nitakaa palepale kitini mpaka usome mpaka mwisho. Ukitaka kulala kwa Maman Odile usiku huu, nitamwambia mimi mwenyewe na sababu nitamwambia pia. Zuhura nitampigia kesho ukishaondoka. Wengine watasikia kwake, kama walivyosikia mara ya kwanza.

Na leo saa sita, ulipokuwa unaoga, nilimpigia simu Hinrich. Sauti yake imezeeka. Bega lake la kulia limekufa, havuti tena, anakaa ukingoni anawaelekeza vijana wa chama cha kijiji, kwa hiyo ndiye atakayekufundisha kushika ule mti. Nilimwambia yote: kile nilichokwambia wewe, kile nilichomwambia yeye pale mkahawani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata na hamu nako. Nikasikia kondoo nyuma yake. Kisha akauliza, "Anajua kuogelea?"

Nikamwambia hujui. Darasa lenu lilipokwenda bwawani niliandika barua kwamba una masikio mabovu. Sikutaka uzoee maji.

"Saumu," akasema, "unamleta mtoni mtoto asiyejua kuogelea."

Hilo ndilo neno pekee la lawama nililosikia kwake tangu niolewe naye. Akasema kesho saa kumi atakuwa stesheni kukupokea, kisha akakata simu.

Mama yako,
Saumu